Bawa la Ndege ya Wally

Jumatano, 2 Aprili 1975

Kikao cha klabu yetu ya ndege kimekwisha. Wilaya nzima imebakiwa na Auster mbili tu, zile ndege ndogo za upelelezi za jeshi, mabawa ya kitambaa. Moja yangu, moja ya jirani yangu Col Haddrick. Injini nzima ni moja! Jumamosi fundi Edna Strahan anakagua. Yenye mwili bora inapewa injini, iruke Siku ya Anzac tukiwakumbuka askari wetu. Nyingine inakatwa vipuri.

Yangu aliirusha marehemu kaka yangu Wally, akiwapeleleza Wajapani juu ya misitu ya Guinea Mpya. Ya Col ilinyunyizia mashamba dawa tu. Yangu ikatwe? Waanze kunikata mimi!

Ijumaa, 4 Aprili

Asubuhi nimepaka mabawa ile dawa ya buluu ya kukaza kitambaa. Nikaiacha ndege malishoni ikauke. Mke wangu Thelma akasema niirudishe bandani, ng'ombe wanapenda dawa hiyo kuliko chumvi. Nikamwambia ndiyo mpango wenyewe, mama! Nikawaswaga ng'ombe wetu wote hadi kwa Col, nikafungua geti waitafune ya kwake. Ndege yake ile pale, haina hata ua.

Ng'ombe wakanitazama tu. Wapumbavu!

Col akatokea na trekta. Akauliza, mzee Ossie, wamepotea wao au umepotea wewe? Nikasema sote. Akacheka, akatuma mbwa wake awarudishe kwetu. Kwetu! Mkewe akanivuta jikoni. Chai. Keki. Keki nyingine. Nitaagaje? Nikisema ng'ombe wataila ndege yangu, wataniuliza kwao niliwaleta waje kula nini. Nikatafuna. Jasho likanitoka. Mama yule akauliza kama nataka choo. Nikasema ndiyo, nikatoka mbio mpaka kwangu.

Nimechelewa. Bawa la kushoto limebaki mbavu tupu. Ng'ombe wa Thelma amesimama anacheua, midomo ya buluu.

Jumamosi, 5 Aprili

Nilimwambia Edna ni upepo. Akauliza ni upepo gani huo wenye meno. Injini kwa Col! Na mkia wa Wally pia, maana wa Col umeoza. Nilificha bisibisi mfukoni wasiufungue. Thelma akanipekua mbele ya watu.

Machozi yalinitoka. Ni harufu ya ile dawa.

Ijumaa, 25 Aprili

Imeruka! Col ndiye aliyeirusha. Alinipandisha kiti cha nyuma, akasema bila mkia wa Wally tusingeinuka. Nikamwambia hilo nalijua, atazame mbele. Tuliposhuka Thelma akanishika mkono, akasema basi, mzee, sasa tulia.

Nitulie? Ndege ya upelelezi ni ya kupeleleza! Kutoka juu nimeliona banda la Col vizuri kabisa. Dirisha la nyuma halina kioo. Mkia wa Wally utapita, nikiukunja kidogo.