Chaguo la Kwanza, Mara Mbili

Ijumaa, 18 Oktoba

Saa mbili kamili asubuhi, simu. Nikaiacha ilie mara tatu, wasinione nina njaa. Ofisi mbili za mawakili zinaniita kwenye usaili wa kazi ya kiangazi ya wanafunzi wa sheria, upande wa kesi za mahakamani. Mbili! Crewe Stavely, mnara mzima wa vioo pale Bay Street, katikati ya Toronto. Na Wenger na Dagenais, mawakili tisa juu ya duka la viatu. Rozario, mwanafunzi mwenzangu ninayepanga naye nyumba, kaitwa na hao wa juu ya viatu tu. Nikampa pole. Akasema pole ya nini, kaka, hao ndio aliokuwa akiwataka. Watu wengine hata kujifariji hawajui.

Mama kapiga kutoka nyumbani North Bay. Alilia kwa furaha. Halafu akasema Mjomba Omer anauliza kama nitarudi dukani kiangazi. Duka la Mjomba linauza minyoo ya kuvulia samaki. Nimehesabu minyoo pale viangazi saba. Nikamwambia Mama, Mjomba atafute mtu mwingine. Mwaka huu siendi!

Jumapili, 3 Novemba

Usaili unaanza kesho. Utaratibu wa Toronto: hakuna ofisi inayoruhusiwa kutoa nafasi kabla ya saa kumi na moja jioni, Jumatano. Lakini kila mwanafunzi anajua kwamba usipomwambia wakili kuwa wao ndio chaguo lako la kwanza, simu haiji. Na unaiambia ofisi moja tu. Ati ndiyo adabu. Nimetafuta ilikoandikwa, sikuona. Basi nitaziambia zote mbili, nipate simu mbili, nichague nimetulia. Sijui kwa nini hakuna aliyeliwaza hili kabla yangu.

Ili kupunguza ushindani, nimemwambia Rozario ofisi ya Wenger ina panya. Akasema kwa bibi yake pia walikuwapo, na hajawahi kuishi mahali pazuri kama pale.

Jumatatu, 4 Novemba

Crewe Stavely. Kamba wakubwa chakula cha mchana, kiti kinazunguka, ziwa lote liko dirishani. Bi Maas, mkuu wa kesi, aliniuliza napenda nini katika kazi hii. Nikasema ukweli: kusimama mbele ya jaji. Akaniambia bila kuficha kwamba kwao mgeni hubeba makasha ya nyaraka miaka miwili kabla ya kumwona jaji. Si kitu, kamba walikuwa watamu. Mlangoni pa lifti nikamwambia wao ndio chaguo langu la kwanza. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Moja tayari.

Jumanne, 5 Novemba

Wenger na Dagenais. Biskuti zimelainika, kiti kina mguu mfupi. Nilishawakata alama nne kabla Bwana Wenger hajafungua mdomo. Kisha akanisimulia mwanafunzi wake wa kiangazi kilichopita: alisimama peke yake mbele ya jaji, kesi ya uzio wa jirani, akashinda. Nilijiona mimi, nimesimama, naongea, jaji ananisikiliza. Nikamwambia wao ndio chaguo langu la kwanza, na kwa dakika mbili nzima ilikuwa kweli. Mzee akafurahi mno. Akaniambia nije mahakamani kesho saa nne, nimwone akiwa kazini.

Rozario karudi masikio mekundu. Naye kawaambia akina Wenger ndio chaguo lake la kwanza. Maskini, kabakiwa na ofisi moja tu.

Jumatano, 6 Novemba

Nilifika mapema, tai mpya aliyonitumia Mama shingoni. Bwana Wenger alikuwa koridoni, na mpinzani wake katika kesi kasimama pembeni. Bi Maas! Mungu wangu. Akanichangamkia, akamwambia Wenger huyu kijana ni wetu. Wenger akasema samahani dada, huyu ni wetu. Wakatazamana. Kisha wote wawili wakanitazama mimi.

Jaji alichelewa nusu saa. Wakaitumia yote. Bi Maas akauliza nilimwambia nini, lini, nimesimama wapi. Wenger akauliza kama neno "la kwanza" kwetu North Bay huwa na wingi. Nikajibu kwamba lilikuwa la kwanza kwa siku husika. Karani wa mahakama alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Saa kumi na moja kamili, simu ya Rozario ikalia. Alisema ndiyo kabla hajasalimiwa. Nikampongeza kwa mdomo. Yangu kimya. Saa kumi na moja na dakika saba ikalia! Wenger. Kwa upole kabisa akaniambia kuwa yeye na Bi Maas wamepingana miaka kumi na moja, hawajawahi kukubaliana hata tarehe ya kusikilizwa kesi. Leo wamekubaliana jambo moja. Nikauliza lipi. Akasema, ni wewe, mwanangu. Jibu ni hapana, kwa pande zote mbili.

Nilikaa ukingoni mwa bafu na tai yangu. Nafasi ya Wenger niliitaka. Niliitaka sana.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimeamka na akili safi. Nimeona kosa lilikuwa wapi: nilichagua ofisi zinazokutana koridoni.

Nimeongeza mstari kwenye wasifu wangu: uzoefu wa usuluhishi, niliwafanya mawakili wapinzani wakubaliane kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja. Nimeupeleka Ottawa kwa ofisi moja na Hamilton kwa nyingine. Nimepima kwenye ramani, ni saa tano za barabara, hawawezi kukutana. Kila moja nimeiandikia kwamba ndiyo chaguo langu la kwanza.

Halafu nikampigia Mjomba Omer, nikamwambia hivyo hivyo kuhusu duka. Kafurahi sana.