Sauti ya Aika Ndani ya Disketi

Jumatatu, 1 Juni 1998

Ukungu tangu asubuhi. Mlima Meru haupo kabisa, utadhani wameuhamisha. Miche yangu ya parachichi inataka maji, lakini nani ana akili ya miche? Aika anaondoka Ijumaa! Anakwenda kusomea uuguzi, hospitali ya misheni huko Singida. Miaka mitatu! Akianza kuimba yule, mimi mpiga kinanda wa kwaya nasahau vidole vyangu viko wapi.

Jioni kikao cha kwaya. Mama Aika alikuja mwenyewe, akasema anaomba jambo moja tu: sauti ya mwanawe ibaki hapa Tengeru, awe anaisikiliza akipika. Solomoni, katibu wetu, akadakia kwamba Alhamisi ataleta redio kaseti yake, ataiweka juu ya kiti, atabonyeza, basi. Redio kaseti! Mwaka huu wa tisini na nane! Nikasimama. Nikawaambia kinanda changu cha Kijapani kimetoka Dubai, kina mlango wa disketi, na dunia sasa ni ya dijitali. Nikaahidi kurekodi, kuzindua Jumapili, kisha kuipeleka ile stesheni mpya ya FM mjini. Aika akanitazama. Sekunde mbili nzima! Solomoni akauliza dijitali ndiyo nini. Nikamwambia hilo ni somo refu.

Jumanne, 2 Juni

Mjini, kwa Abdulrahman, muuza vinanda na spika za mtumba. Nilitaka kujua, kwa ujanja, dijitali ndiyo nini.

Akanimiminia chai, akanieleza polepole. Ule waya wangu wa pini tano, uliokuja na kinanda, eti, haupitishi sauti hata chembe. Unapitisha maagizo: kitufe gani kimeguswa, kwa nguvu gani, kimeachiwa lini. Disketi inayaandika, kinanda kinayasoma na kupiga upya. Sauti ya mtu nayo inaweza kugeuzwa namba, lakini hupimwa mara maelfu kwa kila sekunde, na disketi yangu ingejaa kabla Aika hajamaliza mstari wa kwanza. Kazi hiyo inataka kompyuta, akasema.

Nikamshukuru. Nia yake naijua, anataka kuniuzia kompyuta. Biashara huria imewaharibu watu.

Wakati wa kurudi nikapita kanisani. Kuna amplifaya ya zamani waliyoiacha wamisionari wa Kijerumani. Nyuma yake, tundu la duara. Nikajaribu waya wangu. Umeingia! Pini zote tano, bila hata kusukuma! Mjerumani na Mjapani wametengeneza vitu vinavyoingiana hivi, halafu Abdulrahman aniambie hakipiti kitu?

Nikakaa kwenye benchi peke yangu, nikaota. Mtangazaji anataja jina langu, Ephraimu wa Tengeru. Makofi, makofi, makofi. Aika kule Singida, ndani ya sare nyeupe, anasikia redio na kuangusha kipimajoto. Nimetoka pale giza likiingia. Miche sijaimwagilia.

Alhamisi, 4 Juni

Nilifika wa kwanza. Redio kaseti ya Solomoni ilikuwa tayari kitini, mwenyewe yuko nje anasalimiana na watu. Nikatoa betri zote sita, nikazificha kabatini chini ya majoho. Si wizi. Ni kulinda ubora.

Solomoni akabonyeza. Kimya. Akaipiga kofi. Kimya. Akatutazama mmoja mmoja, mimi zaidi. Mama Aika akauliza sasa itakuwaje. Nikamwambia asiwe na wasiwasi hata kidogo, ya kwangu inatosha. Nikachomeka waya kati ya kinanda na amplifaya, nikampa Aika kipaza sauti, nikabonyeza kitufe chekundu.

Ubeti wa tatu Aika huimba peke yake, kinanda hunyamaza. Ukungu ulikuwa umefika hadi madirishani. Akaimba. Jamani! Sijui niandike nini. Nilitamani wimbo ule usiishe, nizeeke palepale kwenye kiti. Kile kitaa cha kinanda, kilichokuwa kikiwaka kila nikigusa kitufe, kilitulia tuli. Nadhani mashine nayo ilikuwa inasikiliza.

Wenzangu wakaomba tuisikilize kidogo. Nikakataa. Uzinduzi ni uzinduzi.

Ijumaa, 5 Juni

Aika kaondoka. Nilikwenda stendi na mche wa parachichi na hotuba. Hotuba sikuitoa. Nikaishia kumwambia mche aumwagilie mara mbili kwa wiki. Akacheka, akasema nimtunzie mama yake ile sauti. Nikaipigapiga disketi mfukoni mwangu mara tatu, taratibu. Basi likatokomea kwenye ukungu, nami nikabaki napunga mkono hadi muuza karanga akaniuliza kama niko salama.

Jumapili, 7 Juni

Aibu!

Kwanza, nilisahau kwamba Jumapili kwaya huvaa majoho. Solomoni akavuta la kwake, betri zikadondoka, zikabingirika sakafuni. Nikasema kanisa hili lina panya. Akaziokota moja moja, akizihesabu.

Pili, kwa ajili ya fahari nilikuwa nimemwomba Abdulrahman atuazime kinanda chake kikubwa. Akakileta mwenyewe. Baada ya ibada nikaingiza disketi, nikabonyeza. Makofi! Makofi ya ajabu, yakipanda na kushuka! Nikainama kushukuru. Nikainama tena. Ndipo nilipoona usharika wote umekunja mikono. Kumbe disketi ilikuwa imeandika namba tu ya sauti niliyochagua, mia na ishirini na saba: kwenye kinanda changu ni filimbi laini, kwenye kinanda cha Abdulrahman ni makofi. Wimbo mzima ulikuwa unapigwa kwa makofi!

Abdulrahman akabadilisha namba. Zikatoka filimbi. Vidole vyangu vyote vilikuwemo, hata pale nilipokosea. Kwaya hakuna. Tukafika ubeti wa tatu. Kimya. Kimya kirefu, watu mia mbili wakisikiliza jogoo wa jirani.

Mama Aika akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, mwanawe yuko wapi humo ndani. Solomoni alikuwa amesimama nyuma yake na betri sita mkononi.

Jumanne, 9 Juni

Nimeicheza disketi nyumbani, peke yangu, mara tisa. Ubeti wa tatu nafumba macho. Katika kimya kile namsikia Aika vizuri kabisa, hadi anapovuta pumzi. Lakini siwezi kumpelekea mama yake kimya.

Nilikwenda kumwomba radhi, nikaungama na habari ya betri. Akanipa maziwa. Akasema hana kinyongo, ila nyumba imepoa. Nikalia, maziwa mkononi. Nikaapa kwamba sauti ataipata.

Na ataipata! Zahanati yetu ya misheni ina redio ya upepo, huzungumza na hospitali ya Singida kila asubuhi. Aika aimbie kule, mimi nirekodi huku. Nimechungulia tundu la kipaza sauti cha redio hiyo. Matundu matano, sawa na pini za waya wangu! Nimehesabu mara mbili. Abdulrahman simwambii, ataanza tena habari zake za maagizo.

Solomoni kashapata habari. Anasema atakuja na redio kaseti yake, ataiweka mbele ya spika, atabonyeza, basi. Siku hizi betri anatembea nazo kwenye mfuko wa koti. Koti lenyewe hulitundika nyuma ya mlango, nimeshachunguza.