Merewai, Mgeni wa Kundi Letu

Jumatatu, 3 Juni

Nimekuwa wa mwisho tena. Mchezo wenyewe wa kitoto: mmoja anachora kwa kidole kwenye simu, wengine wa kundi letu la simu wanabahatisha. Nilichora papa. Papa mzuri, mwenye meno. Binamu yangu Waisale, aliyeko Suva, akaandika: "Kiatu." Shemeji Litia wa Nadi akaongeza: "Kimepasuka." Mke wangu Unaisi, tuliyeketi naye mkeka mmoja, alicheka mpaka akamwaga chai. Nikawaambia ni vipofu wote, nikazima simu. Waisale ni mtani wangu, kunitania ni haki yake. Lakini kiatu?

Jumanne, 4 Juni

Nimepata dawa yao. Kwenye simu yangu ya zamani nimefungua akaunti ya uongo, nikamzaa Merewai, mwanamke wa Labasa. Nikamwingiza kundini, nikasema tuliwahi kufanya kazi pamoja. Kazi yake sasa ni kubahatisha michoro yangu. Nilihamia nyuma ya jiko, eti mtandao huko ni mzuri. Nilichora pweza, Merewai akamtaja kabla sijamaliza mikono. Waisale akamwandikia: "Dada, una macho ya nabii. Sisi tumeona ufagio."

Alhamisi, 6 Juni

Wanampenda. Merewai akikosea anaandika kicheko, nao wanacheka naye. Litia kamfundisha kutia nazi kwenye samaki mbichi. Waisale anamwita ua la Labasa. Mimi nimechora kanisa, wakasema choo. Nikawatukana. Litia akamwomba radhi Merewai kwa niaba yangu: "Msamehe bure, dada. Ndivyo alivyo."

Ijumaa, 7 Juni

Wamefungua kundi la pembeni bila mimi, Merewai wamemwingiza, na humo wanapiga kura kunitoa! Eti naharibu mchezo. Litia kakubali, Waisale kakubali. Unaisi, ambaye magimbi yake yalikuwa bado mdomoni mwangu, kaandika: "Sawa, nitamwambia taratibu." Kisha wakamuuliza Merewai. Angekataa, wangemshuku. Nikaandika ndiyo. Nimejitoa kwa kidole changu mwenyewe.

Jumamosi, 8 Juni

Leo Merewai amecheza bila mimi. Alichora nguruwe, wakaona kitanda. Nilicheka mpaka machozi, nikasahau kukasirika. Ndipo Waisale akaandika kwamba anapanda feri kuja kumwona. Nikajibu haraka: "Usije, nina mume." Akauliza: "Nani huyo mwenye bahati?" Vidole vikaandika jina la kwanza lililonijia. Ilaitia. Jina langu.

Ndani nikamsikia Unaisi akiinuka mkekani.

Jumapili, 9 Juni

Alinikuta na simu mbili, yeye kashika ndara mkononi. Ilikuwa ama nikiri, ama niwe na mke wa pili. Nikakiri. Alikaa chini kwenye kuni, akacheka, kisha akalia kidogo. Alisema wiki nzima alikuwa akijiuliza kwa nini sitaki kucheza tena karibu naye. Hilo lilinichoma.

Waisale akatuma ujumbe: "Mtani, nimekuposa kwa siku nne. Nirudishie maneno yangu." Wamenirudisha kundini kwa sharti nisinune. Wanasema tunacheza ili tucheke, na Merewai alilijua hilo. Wanamkumbuka, wanasema. Kana kwamba alijizaa!

Nimeketi mkekani karibu na Unaisi. Nimechora kasa. Wote wameona bakuli. Sikutukana mtu.

Nimefungua akaunti nyingine tu. Mchungaji Apenisa wa Taveuni. Mchungaji akisema ni kasa, nani atambishia? Na safari hii nimejipanga: ni mjane.