Mchezo Unaoisha Kabla Umeme Haujakatika

Santo Domingo iliamka na habari njema: Idara ya Urefu wa Michezo ya Kompyuta ilikuwa imetangaza kwamba mchezo wowote usiochukua muda wa saa sita kuumaliza hautabeba bendera ya taifa nje ya nchi. Ufupi, ilisema idara, ni aibu.

Mkurugenzi Persio Bencosme alikuwa mtu wa haki, kwa hiyo alipomwita Yokasta Rijo ofisini alianza na sifa. Mchezo wake, ambamo shetani wa kanivali anawacharaza wezi matako kwa kibofu cha ng'ombe kilichojazwa upepo, ulikuwa mtamu. Kibofu kilitua kwa kishindo cha kuridhisha. Muziki wa merenge ulizidi kasi kila mwizi alipoanguka. Mkurugenzi mwenyewe aliucheza mara mbili, kikazi.

"Sasa kasoro," alisema. "Picha inajificha nyuma ya kuta. Adui wa mwisho analegea kama ndizi ya kuponda. Na dakika arobaini tu, kwisha! Hauna hata mahali pa kuhifadhi ulipofikia."

"Pa nini? Mtaani kwetu umeme ukija unakaa saa moja, tena ukibahatika. Nimeupima mtoto amalize kabla haujakatika. Nimeujaribu kwa wanangu watatu."

"Mama, umeme haukatiki. Wizara ilishatangaza."

"Basi kwetu usiku unaingia mara nne kwa siku."

"Hilo peleka kwa watu wa hali ya hewa."

"Bwana mkurugenzi, Ijumaa wanafunga orodha ya maonyesho ya Bogotá. Bila muhuri wako, nafasi yangu anapewa mwingine. Miaka miwili nimeujenga mchezo huu jikoni, wali unaungua mimi naandika."

"Saa sita, mama."

Yokasta hakulia wala hakubembeleza. Alienda akaongeza barabara. Shetani sasa alichechemea kutoka Santo Domingo hadi Montecristi bila kukutana na mtu wala mbuzi. Jumatano aliuleta, saa sita kamili.

Kanuni ilimtaka mkurugenzi aumalize mwenyewe, kwa mkao mmoja. Jumatano hiyo alimfikisha shetani mji wa Bonao, umeme ukakatika. Yaani, haukukatika, kompyuta ilipumzika. Alhamisi akaanza upya, akamfikisha La Vega, kompyuta ikapumzika tena. Kanuni ilitambua sababu mbili tu za kutomaliza: umeme, ambao haukatiki, na uzembe wa mkurugenzi.

Ijumaa jioni, ofisi ikiwa giza totoro, alimwita Yokasta.

"Ule mchezo mfupi bado unao?"

"Ninao. Na adui wa mwisho nimemkomaza, kama ulivyoagiza."

"Umefanya vizuri."

Zunilda, katibu wake, alichungulia mlangoni. "Bosi, nikuletee mshumaa uiangalie hati ya idhini?"

"Mshumaa wa nini, na umeme upo?"

Alipapasa meza, akaupata muhuri, akagonga. Pigo la kwanza lilitua kwenye kidole chake. La pili likatua kwenye karatasi.

Wizara haikukawia kufanya hafla ya kuuaga mchezo. Waziri aliucheza mwenyewe kwenye kioo kikubwa cha ukumbi, Bencosme pembeni yake akipokea pongezi. Wezi walianguka, merenge ikapamba moto, kisha adui wa mwisho akajitokeza: mwanamume wa tai, amekaa ofisini gizani, muhuri mkononi.

"Umeme upo," alisema yule mtu wa kwenye kioo.

Waziri akamcharaza.

"Umeme upo."

Akamcharaza tena, mara hii kwa mikono miwili. Watu wakaanza kucheka, kwanza kwa adabu. Tai ilikuwa ya Bencosme, milia kwa milia, na alikuwa ameivaa.

"Mbona hafi huyu?" aliuliza Waziri, akihema.

"Hafi kwa kipigo, Mheshimiwa," Yokasta alijibu kutoka safu ya nyuma. "Mpaka akiri."

"Akiri nini?"

Kioo kikazimika. Taa zikafuata, na kiyoyozi kikatoa pumzi ya mwisho. Ukumbi mzima ukatumbukia gizani.

"Bencosme!" Waziri alifoka. "Nini tena hiki?"

Mkurugenzi aliwaza hali ya hewa. Akawaza uzembe wa mkurugenzi. Jasho likamtiririka chini ya tai.

"Mheshimiwa," alinong'ona, "umeme umekatika."

Bila mngurumo wa kiyoyozi, mnong'ono ulifika hadi safu ya nyuma. Kila mtu alisikia.

"Kafa huyo!" alipaza sauti Yokasta.