Kanisa kwa Pikapu

Zipu ililia gizani, taratibu, kama mtu anayechana nguo asitake jirani asikie. Mdomo Asali akafumbua jicho moja. Mkewe alikuwa anafunga begi.

"Mke wangu, safari ya wapi kabla hakujakucha?"

"Kwetu, na mtoto. Nilikuambia: mpaka leo saa saba mchana uwe na kazi ya kueleweka. Maneno yako hayaivi hata niyachemshe siku nzima."

Jua likamkuta mjini, mbele ya kanisa la mawe. Jengo lile limeona mengi. Waumini walipohamia jipya, likawa ghala la mchele, kisha sinema, kisha ukumbi wa ngumi. Sasa lilikuwa tupu, mali ya manispaa, ila ufunguo mmoja ulibaki kwa Mdomo Asali, aliyechana tiketi enzi za sinema akasahau kuurudisha. Tuseme alisahau.

Bwana mmoja mnene akaegesha pikapu, akaukodolea macho mnara.

"Shikamoo, mzee. Umelipenda?"

"Marahaba. Natafuta pa kuuzia fanicha. La nani hili?"

"La marehemu babu yangu. Karibu ndani."

Namba za nyimbo bado zilining'inia ukutani. Penye madhabahu palitundikwa kitambaa cha sinema, kimetobolewa na ngumi ya mtu. Mnene akavua kofia.

"Hati unazo?"

Mdomo Asali akageukia mlango. Alibatizwa humu, uongo wa humu ndani ulimkwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Nitakujibu nje, mzee. Humu kuna vumbi."

"Mimi pesa taslimu sina. Tubadilishane na pikapu."

"Ni yako?"

Mnene akatazama dari. "Hilo nalo tuliongelee nje, mwanangu. Kweli kuna vumbi."

Mdomo Asali akamhurumia kifua chake. Nje, kwenye ngazi, kila mmoja akaapa kwa sauti nzuri sana. Wakabadilishana funguo, wakakumbatiana kama mashemeji.

Saa sita na nusu alipiga honi mlangoni kwake. "Kazi ya kubeba mizigo, mke wangu! Jasho halali!"

Mkewe akaishika boneti kwa viganja viwili, machozi yakimlenga. "Baba, kumbe unaweza! Basi hatuendi popote."

Binti yao, aliyekuwa ametoka kuaga shuleni, akaizunguka pikapu, akainama kwenye namba.

"Mama, hili ni gari la mwalimu mkuu lililoibwa jana."