Dobi wa Sufu wa Ngao

Jumatatu, 12 Mei

Nimeteuliwa dobi wa nyumba. Mimi! Mwanamume mwenye mipango! Mke wangu Lydia amerudi kufundisha chekechea, matikitimaji yangu yamekwenda na mafuriko, basi nepi za mwanetu Nicholas zimeniangukia. Shemeji Metrine, aliyeolewa Ulaya, ametuma chupi tatu za sufu za kumvika mtoto juu ya nepi ya kitambaa, mkojo usipenye. Alieleza kwa simu namna ya kuzifua: maji ya uvuguvugu, usikamue, zilaze kivulini zikauke, na mara mojamoja zipakwe mafuta ya kondoo. Nilisikiliza nusu. Nusu ya pili nilikuwa nawaza biashara. Dobi wa Sufu! Wa pekee kutoka hapa Ngao mpaka Garsen! Nimeshamtangazia jirani Isaac. Amecheka mpaka akashika ukuta. Wivu huo.

Mama mkwe naye kapiga simu kutoka Hewani, ng'ambo ya mto. Jumapili anakuja kwenye ubatizo. Akikuta mjukuu wake hatunzwi, atamchukua pamoja na mama yake, mimi nibaki na mipango yangu. Ati!

Jioni nimechemsha chupi ya kwanza kwenye sufuria ya uji, nikaikoroga kwa mwiko. Salaale! Imetoka ngumu, inatosha ngumi yangu tu. Nimetafakari. Kosa ni la sufuria. Ni ndogo mno, nguo imebanwa, ikajikunja. Nimeificha kwenye pipa la mchele. Lydia ameuliza, nikasema inapunga hewa.

Jumatano, 14 Mei

Leo sigusi maji. Nimekumbuka mafuta ya kondoo! Nimekwenda Garsen kwa rafiki yangu Hirbo, maana yeye ni Mworma, mfugaji, na Waorma na kondoo ni ndugu. Hirbo akauliza mafuta ni ya nini. Nikamwambia ya kutunzia sufu. Akanitazama, akawatazama kondoo wake, akasema tangu babu zake hajawahi kuona sufu kwa mnyama hata mmoja wa hapa, wote wana nywele fupi kama mbuzi. Nikamjibu kondoo ni kondoo. Basi akanikatia kipande kinono cha mkia, akaniambia kwao hukaangia nyama, na kwamba nikishaitunza hiyo sufu nimwite aje aone. Mtu muungwana sana, ingawa alikuwa anacheka peke yake nilipoondoka.

Nimeyeyusha, nimeichovya chupi ya pili mpaka ikashiba. Inang'aa! Nimeilaza kwenye mkeka uani, kivulini, kama alivyoagiza Metrine. Nani kasema sifuati maelekezo?

Ijumaa, 16 Mei

Jana siafu. Nimewapiga kwa majivu, wakaondoka. Leo mbwa wa Isaac.

Kainyakua chupi, kakimbia nayo kijiji kizima, mimi nyuma yake na ndara moja. Akaingia kanisani, kwaya ya akina mama ikiwa katikati ya mazoezi. Wimbo ulikatika. Mbwa akalala chini ya meza ya Bwana, akatafuna kwa raha zake. Isaac akaja kunifariji. Kasema hongera, nimepata mteja wa kwanza. Mshenzi!

Lydia hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alinieleza polepole, kama anavyowaeleza watoto wake wa chekechea, kwamba mafuta aliyosema dada yake hutoka kwenye manyoya, si kwenye mkia. Sasa mbona hawakusema mapema? Chupi ya tatu kaifungia sandukuni mwake. Akauliza ya kwanza iko wapi. Nikasema bado inapunga hewa.

Jumapili, 18 Mei

Ubatizo umefana! Nicholas alikojoa mikononi mwa mchungaji, na kanzu ya mchungaji haikupata hata tone. Sufu oyee! Nilisimama kifua mbele kana kwamba nimeifuma mimi. Mama mkwe akatabasamu. Kwangu mimi! Nikaona nimevuka.

Halafu tukarudi nyumbani kupikia wageni. Mama mkwe akataka kupima mchele mwenyewe. Nikamwambia mama, wewe keti, wewe ni mgeni. Akasema yeye si mgeni kwa bintiye. Akachota. Chupi ikatoka na mchele. Akaigeuzageuza, akauliza ni ya mtoto gani. Isaac, ambaye hakuna aliyemwomba atoe hotuba, akasimulia na habari za mbwa.

Wameondoka wote watatu, mama mkwe, Lydia na mtoto. Lydia kaniachia ile chupi ya mwisho ambayo Nicholas aliilowesha. Kasema nikiipeleka Hewani Jumamosi, safi na ikimtosha mtoto, watarudi nami. Isipomtosha, nisivuke mto.

Jumatatu, 19 Mei

Sikulala. Sikudhani mtu anaweza kukitamani kilio cha mtoto usiku. Namtaka mwanangu. Namtaka Lydia, hata na ile sauti yake ya chekechea.

Kwa hiyo leo hakuna mchezo. Hakuna kondoo, hakuna mbwa. Nimeketi, nimepitia makosa yangu moja baada ya moja kwa unyenyekevu, nikarudi pale nilipogundua ukweli siku ya kwanza nikaupuuza: sufuria!

Nimeazima ile kubwa ya kanisa, ya pilau za harusi. Isaac kauliza nani anaoa. Nimempita, nikawasha moto. Chupi imo ndani, ina nafasi ya kujinyoosha inavyotaka, na maji yanatokota vizuri sana.