Kavinya Hayuko Matuu

Jumatatu, 16 Oktoba 1995

Picha imefika! Kavinya wangu, kifungua mimba, katika Ufaransa! Msaidizi wa mwalimu wa Kiingereza. Yaani Wazungu wanafundishwa Kiingereza na mtoto niliyemzaa mimi. Kijiji chenyewe kiko nje ya mji unaotamkwa Bodo. Kuuandika siwezi, herufi ni nyingi mno na nusu hazina kazi.

Ila picha ina shida. Kavinya amesimama katikati ya mizabibu na blauzi isiyo na mikono. Jua kali. Jasho puani! Nyuma ameandika kwamba majani yanapukutika na baridi ingekuwa imeanza, lakini mwaka huu joto limekataa kwenda, hata wenyewe wanashangaa. Kuna mzee wa Kizungu kando yake, amevaa kofia na fulana tu.

Na mimi nimeuambia mtaa mzima wa Komarock kwamba mtoto wangu anakanyaga theluji mpaka magotini!

Baba Kavinya anasema niweke picha kabatini ninyamaze. Huyu mwanamume hajui raha ya kuzaa.

Jumanne, 17 Oktoba

Nimeionyesha. Ningefanyaje? Waithera, jirani wa nyumba ya mkabala, akavaa miwani akaitazama kama hakimu. Akauliza haya matunda ya pasheni yamepandwa upande gani wa Matuu, kule kwetu mashambani. Nikamwambia ni zabibu. Akasema nyaya ni za pasheni, udongo ni wa Matuu, jua ni la Matuu, na yule mzee pengine ni padri wa huko. Wanawake wakacheka hadi wakashikana.

Kufika jioni habari ilikuwa imeota miguu. Eti Kavinya hakupanda ndege yoyote, ameolewa Matuu kisirisiri. Mke wa pili! Mtoto wangu! Teresiah, mwenyekiti wa akina mama kanisani, akaja na sauti ya msibani. Eti Jumapili nisisimame kumshukuru Mungu kwa safari ya Kavinya mpaka jambo hili lieleweke. Na kitambaa cha kichwa nimeshanunua!

Alhamisi, 19 Oktoba

Nina akili mimi. Wanaotaka theluji watapata theluji. Nimechukua rangi nyeupe ya kupaka raba za shule, nikachovya njiti ya kiberiti, nikaanza kuinyunyiza polepole. Juu ya mizabibu. Juu ya kofia ya mzee. Kidogo mabegani kwa Kavinya. Ilipendeza! Nusura nitetemeke.

Nikampelekea Teresiah. Akauliza mbona mtoto anaangukiwa na theluji kwapa wazi na bado anacheka. Nikasema sisi Wakamba tuna damu moto. Waithera alikuwepo, yeye hakosi. Akaikwaruza kwa ukucha. Theluji ikatoka! Akanusa kidole. Akasema kumbe Ufaransa kunanuka raba.

Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Jumamosi, 21 Oktoba

Siku ya Kavinya kupiga simu. Ubaya ni kwamba simu ya safu yetu ya nyumba ni moja tu, na iko kwa Waithera. Nikakaa kwenye kochi lake. Wanawake watano wakajibana kando yangu, eti wamekuja kuomba chumvi. Watano!

Ikalia. Nikamsalimu kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu, nikauliza baridi ikoje huko mama. Mtoto akajibu leo wamekula nje na yeye amevaa kandambili. Basi nikaingia Kikamba, haraka haraka. Nikamwambia atafute koti zito na kofia ya sufu, apigwe picha nyingine, na asicheke hata kidogo, aonekane anateseka.

Waithera akaweka kikombe chini. Akanijibu kwa Kikamba, safi kuliko changu, kwamba koti kama hilo Matuu haliuzwi. Nilisahau! Huyu mama aliuza viazi soko la Machakos, kwa Wakamba wenyewe, tangu usichana wake.

Akaninyang'anya mkono wa simu. Akafoka, wewe msichana, mwambie mamako ukweli, uko kwa nani? Halafu akaduwaa. Kumbe Kavinya alikuwa amempa simu mama mwenye nyumba anakoishi, anisalimie. Nilimsikia kutoka kochini: maneno yanamiminika, yanapitia puani, hayana mahali pa kupumua. Waithera akabaki eeh, eeh, ahsante mama, eeh. Akainama kidogo, kama anaonekana!

Alipoweka simu alitutazama mmoja mmoja. Akasema, hicho si Kikamba.

Jumapili, 22 Oktoba

Nimesimama kanisani! Kitambaa kichwani, picha mkononi, theluji nimeifuta isipokuwa ya kwenye kofia, iligoma. Vigelegele mpaka nikalia. Hakuna mke wa pili hapa!

Lakini baada ya ibada watu wamemzunguka nani? Waithera! Eti ndiye aliyezungumza na Ufaransa. Anawaeleza jinsi yule mama alivyomkaribisha chakula na kumsifu sauti. Neno moja hakuelewa! Nikamkazia macho. Akaangua kicheko. Nami nikashindwa, nikacheka hadi kitambaa kikalegea. Jioni ameniletea chapati moto, ananiita Mama Bodo. Sijakataa.

Jumanne, 24 Oktoba

Sasa mambo yote ya Ulaya naulizwa mimi. Leo Teresiah amekuja kwa adabu zote. Binti yake Wanja anakwenda Moscow mwezi wa Januari kusomea udaktari, na wamemnunulia koti la manyoya. Je, linatosha?

Nilicheka! Nikamwambia hizo hadithi za baridi zinaletwa na watu wasio na watoto huko. Mimi nina picha. Huko ni jua kali, wazee wanakaa na fulana. Koti ni mzigo bure. Wanja abebe kandambili na blauzi zisizo na mikono, na akiwa mwoga sana, leso moja ya kujifunga jioni.

Teresiah amenishukuru mno. Amelirudisha koti dukani.